Mazoezi ya rada kabla rada haijawa tayari

Januari 1935 mkurugenzi wa utafiti wa kisayansi katika Wizara ya Anga ya Uingereza, H. E. Wimperis, alimwuliza mtaalamu wa redio Robert Watson-Watt kama mawimbi ya redio yanaweza kugeuzwa miale ya kumuua rubani angani. Watson-Watt alimkabidhi msaidizi wake, Arnold Wilkins, apige hesabu. Jibu likawa haiwezekani. Ila Wilkins hakuishia hapo: mawimbi yakigonga ndege hurudi, na yakirudi yanaweza kusema ndege iko wapi. Tarehe 26 Februari mwaka huohuo ndege ya mabomu aina ya Heyford ilirushwa karibu na mitambo ya kurushia matangazo ya redio ya BBC kule Daventry, huku wataalamu wamejibanza ndani ya gari shambani. Kwa mawimbi yaliyorudi waliifuatilia kwa kiasi cha kilomita 13.

Kwa wengi hapo ndipo hadithi ya rada inapokolea. Kwangu mimi inakolea baadaye, kwenye mambo ambayo hayana mng'aro: nani alikaa na nani, nani alimpa nani taarifa, fedha zilitoka kwa sharti gani. Utafiti wa kijeshi hufa au hupona hapo.

Mwangalie Hugh Dowding. Wakati huo ndiye aliyesimamia utafiti na vifaa katika Jeshi la Anga, na alikataa kuidhinisha fedha kwa makaratasi matupu. Alitaka kwanza jaribio, ndiyo maana lile la Daventry likafanyika. Mwaka 1936 akapewa ukuu wa kamandi mpya ya ndege za kuwinda. Yaani mtu aliyeamua chombo kitengenezwe ndiye aliyekwenda kupigana nacho. Hakuwa na wa kumtupia lawama kama kingeshindwa.

Kisha kuna Henry Tizard, mwanasayansi aliyeongoza kamati ya ulinzi wa anga. Huyu namheshimu kuliko wote. Mwaka 1936, rada ikiwa bado mtoto wa maabara, alianzisha mazoezi katika uwanja wa Biggin Hill. Wazo lake lilikuwa hili: tuseme chombo kipo na kinatupa habari za adui, je, tutazitumiaje? Mahali zilipo ndege za "adui" palijulikana kwa njia nyingine, na maofisa wakajifunza kuwaelekeza marubani kwa redio mpaka wakutane nazo. Mwanzoni walihangaika na hesabu ndefu, na ndege hazisubiri mtu amalize kugawanya. Tizard akapendekeza pembetatu rahisi ya kukadiria kwa jicho, na marubani wakaibatiza jina lake. Minara ya rada ilipokuwa tayari, watu nao walikuwa tayari.

Sisi tumezoea kinyume chake. Chombo kinaagizwa, kinazinduliwa kwa utepe, halafu ndipo tunaulizana nani atakiendesha.

Katika mapigano ya anga ya mwaka 1940, Wajerumani hawakuwa nyuma kwa vifaa. Rada yao ya Freya ilitumia mawimbi ya mita 2.4 hivi, wakati minara ya Waingereza ya pwani, yenye urefu wa mita mia na zaidi, ilitumia mawimbi ya mita 10 na zaidi. Mawimbi mafupi yanahitaji ufundi zaidi, kwa hiyo kwa fundi, ya Mjerumani ilikuwa kazi safi zaidi. Lakini kwa Mwingereza habari ya kila kituo ilikimbia kwa simu hadi Bentley Priory, karibu na London, ikachujwa, ikawekwa juu ya meza kubwa ya ramani na wasichana wa jeshi waliosogeza alama, ikateremka hadi viwanjani, na marubani wakapaa wakijua waende wapi. Wakati ule Ujerumani haikuwa na mtandao wa namna hiyo wa kuunganisha rada na rubani wa ndege ya kuwinda.

Watson-Watt alikuwa na kanuni aliyoitetea bila haya: wapeni askari kilicho cha tatu kwa ubora waanze nacho, kwa sababu cha pili huchelewa na kilicho bora kabisa hakifiki kamwe. Mainjinia huiona kama kufuru. Mimi pia niliiona hivyo, hadi nilipoketi kwenye mradi mmoja wa mashine ya kupukuchua mahindi. Tulichora, tukafuta, tukachora tena kwa karibu miaka miwili. Ilipofika kijijini, mpini ulikuwa juu mno kwa akina mama waliotakiwa kuuzungusha. Hakuna aliyewahi kuwaita hata siku moja. Lilikuwa kosa la mahindi tu, na liliniuma. Fikiria kosa la aina hiyo liko mkononi mwa askari aliye mpakani usiku.

Ugomvi nao ulikuwepo, tena mkali. Mwanafizikia Frederick Lindemann, rafiki wa Churchill, aliingia kwenye kamati ya Tizard akashikilia njia nyingine, kama kunasa joto la ndege na kutega mabomu angani. Mwaka 1936 wajumbe Patrick Blackett na A. V. Hill walijiuzulu, kamati ikavunjwa na kuundwa upya bila Lindemann. Ilikuwa sawa kabisa. Kamati ya utafiti si mahali pa kumridhisha kila mwenye mlango wa kuingilia kwa wakubwa.

Wapo watakaosema siri za jeshi haziruhusu kuchanganya watafiti na askari. Siri ipo, na ni halali. Lakini A. P. Rowe, aliyeongoza kituo cha utafiti wa rada wakati wa vita, kila Jumapili alifungua ofisi yake kwa majenerali, maofisa na vijana wa maabara, kila mmoja na uhuru wa kusema. Siri ilibaki ndani ya uzio, ila ndani ya uzio hapakuwa na ukuta.

Na wakati mwingine utafiti hauzai chombo chochote. Mwaka 1941 mwanafizikia E. J. Williams alichunguza mabomu yaliyorushwa na ndege dhidi ya nyambizi. Yalikuwa yakilipuka mita 30 chini ya maji, lakini nyambizi iliyokwisha kuzama hivyo haionekani tena, na iliyo karibu na uso wa maji ilisalimika. Akashauri yalipuke karibu zaidi, kama mita 8. Bomu ni lilelile, ndege ni ileile, na nyambizi zilizozamishwa zikaongezeka. Gharama yake ilikuwa mtu mmoja makini aliyeruhusiwa kusoma ripoti za marubani.

Hapa kwetu tunayo Nyumbu pale Kibaha, kituo cha teknolojia ya magari kilicho chini ya Wizara ya Ulinzi tangu miaka ya 1980, na Mzinga kule Morogoro, shirika la jeshi linalotengeneza risasi. Bajeti ya ulinzi inaposomwa Dodoma, natamani mbunge mmoja asimame, asiulize shilingi ngapi, aulize: siku ya kwanza ya kuchora, dereva gani wa lori la jeshi alikuwa mezani, na alikataa nini?