Noble Johnson Alikuwa Stelingi

Kila inapozungumzwa filamu ya King Kong ya mwaka 1933, watu humsifu yule sokwe na kumtaja mwigizaji wa kike, Fay Wray. Chifu wa kisiwa hubaki "yule mweusi mwenye manyoya kichwani". Wiki hii nimesoma tena mtu akiandika hivyohivyo, na nimekasirika kwelikweli. Ana jina. Ni Noble Johnson, na miaka mingi kabla ya kuvikwa manyoya yale alikuwa rais wa kampuni ya filamu.

Itazameni tena ile sehemu. Chifu anawaona wageni, ngoma inakatika, naye anawaendea bila haraka, macho makali. Anamtaka yule mwanamke wa kizungu, na yuko tayari kutoa wanawake sita. Watazamaji hawaelewi neno hata moja analosema, lakini ujumbe unafika, kwa sababu anausema kwa mwili mzima.

Alizaliwa Missouri, Marekani, mwaka 1881, akakulia Colorado Springs, utotoni rafiki yake akiwa Lon Chaney, aliyekuja kuwa nyota wa filamu bubu. Mwaka 1915 ilitoka filamu ya The Birth of a Nation, wazungu wakijipaka weusi usoni na kuwaonyesha watu weusi kama wanyama. Mwaka uliofuata Noble, mdogo wake George na wenzao wakawa na kampuni yao, Lincoln Motion Picture Company. Katika picha yao ya kwanza, James Burton, kijana mweusi aliyesomea uhandisi Tuskegee, chuo cha watu weusi, anakwenda California kutafuta kazi kwenye visima vya mafuta. Ananyimwa kwa sababu ya rangi yake. Anamwokoa binti wa mwenye kampuni, farasi wake walipotimka. Anapewa kazi, na baadaye anagundua mafuta shambani kwa baba yake. Stelingi ni Noble. Watu weusi waliolipa kiingilio walimwona mtu wao akiwa msomi, akishinda.

Shida ni kwamba Lincoln haikuweza kumlisha. Alikula kwa mshahara wa Universal, kampuni kubwa ya filamu ya Hollywood, na jina lake likawa linajaza kumbi za weusi kwa picha za Lincoln kuliko za Universal yenyewe. Mwaka 1918 akajiuzulu Lincoln. Inaelezwa kuwa Universal ilimtaka achague. Wapo wanaosema alichagua tumbo, nami siwezi kuwavumilia. Wa kulaumiwa ni aliyemwekea mtu mkate upande mmoja na ndoto yake upande wa pili. Miaka michache baadaye Lincoln ilikufa, na katika picha zake zote ninachokijua kimesalia ni dakika chache za By Right of Birth ya 1921.

Hollywood ikamtumia kama kila taifa. Mwanamfalme wa India mwaka 1924, Queequeg, mrusha chusa wa Moby Dick, mwaka 1930, Mnubi wa The Mummy mwaka 1932, na mwaka huohuo Ivan, Mrusi mwenye ndevu katika The Most Dangerous Game. Sawa, nakubali: mtu mweusi kucheza Mzungu enzi zile si jambo dogo, na alidumu kazini zaidi ya miaka thelathini. Lakini Ivan ni bubu. Mtu aliyewahi kuongoza kampuni hakupewa hata sentensi moja.

Alifariki mwaka 1978 akiwa na miaka 96. Wanaoandika historia ya sinema bila yeye hawana kisingizio, kwa kuwa George alitunza barua, matangazo na vipande vya magazeti, na mkusanyiko huo uko UCLA, Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, wazi kwa anayetaka kusoma.