Nano kwenye mionzi ya saratani: je, zinafika kwenye uvimbe?

Kuna watu wakisikia nano, yaani chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, wanaona saratani imeshapata kiboko chake, wengine wanasema ni sumu imepewa jina zuri, mi naona wote wana haraka.

Shida ya mionzi inajulikana, haichagui, inapita kwenye nyama nzima ndo ifike kwenye uvimbe. Wazo la nano ni kuweka chembe za metali nzito ndani ya uvimbe, dhahabu au hafniamu, kwa sababu zinanasa mionzi kuliko nyama ya mwili na zikipigwa zinarusha elektroni zinazochanachana seli za saratani palepale zilipo.

Na hii si hadithi tu. Wafaransa wana NBTXR3, oksidi ya hafniamu inayochomwa kwa sindano ndani ya uvimbe kabla ya mionzi, na majibu ya 2019 kwa wagonjwa wa sarkoma, saratani ya nyama laini za mwili, yalionyesha uvimbe ulipotolewa na kupimwa, 16% ya waliochomwa walikutwa seli za saratani zimekufa karibu zote, waliopigwa mionzi peke yake 8%. Mara mbili, sawa, ila ina maana 84% hawakufika hapo, na madhara makubwa yalikuwa 39% kwa waliochomwa na 30% kwa waliopigwa mionzi peke yake.

Kwa nini sindano ndani ya uvimbe na sio dripu? Hapa ndo pagumu, ukizipitisha kwenye damu ini na bandama vinazidaka, uchambuzi wa 2016 uliopitia tafiti za miaka 10 ulikuta kwa wastani wa kati ni 0.7% tu ya dozi inayofika kwenye uvimbe. Sasa saratani ikishasambaa utachoma sindano ngapi?

Mimi nauamini zaidi upande wa kufuatilia uvimbe. AGuIX, aina nyingine ya chembe za nano, ina metali ya gadolini, inang'aa kwenye picha ya MRI, daktari anaona doa jeupe pale kwenye uvimbe wa ubongo na anajua zimefika kabla mashine ya mionzi haijawashwa, halafu zinatoka na mkojo kwa kuwa ni ndogo mno. Ila gadolini nayo ina historia, 2017 Ulaya ilisimamisha baadhi ya dawa zake za MRI kwa sababu ya mabaki kwenye ubongo, na mtu aliyepona akiwa na miaka 30 mbele yake ana haki ya kujua nini kimebaki mwilini, jibu ambalo panya wa maabara hawezi kutupa.