Baraza moja la Sharia, au wakaguzi wa nje?

Mteja wa Eastleigh anataka gari la shilingi 1,500,000 kwa murabaha, mauzo ya benki ya Kiislamu yanayochukua nafasi ya mkopo wa riba. Benki haimpi pesa. Inalinunua gari, linakuwa mali yake na hasara yake likiharibika, ndipo inamuuzia kwa bei inayojulikana, tuseme 1,800,000, alipe 50,000 kwa miezi 36. Mkataba wa kumuuzia ukitiwa saini kabla benki haijalimiliki gari, huo ni mkopo wa riba uliovishwa kanzu. Nani atagundua? Kenya hakuna baraza la Sharia la taifa linalozisimamia benki hizi. Kazi hiyo ni ya bodi ya Sharia ya benki yenyewe, na masheikh wake wanalipwa na benki hiyohiyo.

Ndiyo maana wito wa kuwa na baraza moja kwenye Benki Kuu una uzito. Malaysia inalo tangu 1997, na kwa sheria ya 2009 mahakama zinalazimika kufuata uamuzi wake. Hata hivyo, nguvu hiyo ilipopingwa mahakamani, mwaka 2019 ilinusurika kwa majaji 5 dhidi ya 4. Kwetu, kifungu cha 170 cha Katiba kinamwachia Kadhi ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu. Kesi ya murabaha haimfikii. Inakwenda mahakama za kawaida, kwa jaji ambaye huenda hajawahi kusoma fiqhi ya biashara, yaani sheria za Kiislamu za biashara.

Lakini baraza likikosea, benki zote zinakosea pamoja. Malaysia imeruhusu bai al-inah, kuuziana kitu na kukirudisha kwa bei tofauti ili pesa ipatikane, ambayo wanazuoni wengi wa Ghuba wanaikataa. Na kifungu cha 8 kinasema Kenya haina dini ya taifa: Benki Kuu ikiteua masheikh, kesi haitakawia.

Mimi naona udhaifu mkubwa hauko kwenye fatwa, uko kwenye faili. Bahrain ina baraza, na bado inadai ukaguzi huru wa Sharia kutoka nje. Hilo Benki Kuu yetu inaweza kulidai bila kuteua sheikh hata mmoja. Mkaguzi achukue mafaili yoyote bila benki kumchagulia, alinganishe tarehe tatu: ya ankara ya muuzaji, ya gari kuingia mikononi mwa benki, na ya mkataba wa mteja. Kisha afuatilie faini za kuchelewa kulipa, ambazo zinapaswa kutolewa sadaka: zilifika huko kweli, au zimelala kwenye mapato ya benki?