Kabla ya kukuza herufi, zinenepeshe

Kurasa zikionekana zimefifia kwenye kisomaji cha wino wa kielektroniki, wengi hukimbilia kukuza herufi. Matokeo yake ukurasa unabeba maneno machache, na Kiswahili chetu chenye maneno marefu kinaacha mapengo mstari ukinyooshwa pande zote mbili. Udogo hauna kosa hapo. Kosa ni wembamba.

Piga hesabu. Skrini ya pikseli 300 kwa inchi inaipa fonti ya pointi 12 kimo cha pikseli 50. Fonti ikiwa imechorwa kwa gridi ya yuniti 1000 (yaani kimo hicho kimegawanywa vipande 1000), pikseli moja ni yuniti 20. Kijistari cha katikati ya "e" chenye yuniti 30 kinapata pikseli moja na nusu, na hiyo nusu ndiyo kijivu unachokiona. Chapa za zamani, zilizotumia herufi za madini ya risasi, zilivumilia wembamba huo kwa sababu wino ulitambaa kidogo kwenye karatasi. Skrini haitambazi kitu.

Anza na Gentium, fonti ya bure ya shirika la SIL. Leseni yake huria ya fonti, OFL, inaruhusu kuibadilisha, ila jina "Gentium" limehifadhiwa, kwa hiyo toleo lako libatize jina jingine. Ifungue kwa FontForge, programu ya kuhariri fonti, chagua herufi zote, kisha tumia "Change Weight". Kwa gridi ya 1000, yuniti 10 zinatosha kuanzia (kwa gridi ya 2048, kama 20). Ukizidisha maradufu, tumbo la "a" na "e" huanza kuziba. Faili la herufi koza ("bold") si njia ya mkato: koza hunenepesha zaidi miguu iliyosimama, vijistari vikabaki karibu vilevile.

Hinti za zamani, yaani maelekezo ndani ya fonti ya kulinganisha herufi na pikseli, hazilingani tena na maumbo mapya, na ukiziacha herufi zitapinda. Zifute, upitishe faili kwenye ttfautohint, programu inayoandika hinti upya.

Sasa andika "ng'ombe", neno ambalo wachora fonti wengi hawalijaribu. Alama ya ritifaa ikigusa sikio la "g", ongeza yuniti 20 kati yake. Unapotoa faili, washa pia jedwali la zamani la "kern", linalobeba nafasi kati ya jozi za herufi, maana kuna visomaji visivyosoma jedwali jipya.

Faili zote nne, ya kawaida, mlazo, koza na koza-mlazo, ziwe na jina moja la familia, kisha zitie kwenye folda ya "fonts" ya Kobo au Kindle. Mlazo ukiwa na jina tofauti, kifaa huiinamisha herufi ya kawaida kwa nguvu, na "a" yake itakuumbua.