Nauli ya Kurudi Mahakamani

Tuseme ni saa moja usiku, stendi kuu ya Moshi. Basi la kutoka Singida limeingia na binti wa miaka 13 ameshuka na mfuko wake wa rambo. Anapokelewa na mama mmoja ambaye nyumbani waliambiwa ni "shangazi wa huko Moshi" na kwamba atamsomesha. Miezi minane baadaye jirani wa Pasua anamkuta nje ya geti, mkono una alama ya pasi, shule hajaiona na mshahara haujui. Binti huyu nimemtunga. Lakini aliyekaa Moshi au Arusha muda wa kutosha hatakosa wa kwake wa kumtaja: dada wa kazi wa nyumba ya tatu, kijana aliyeletwa kuchunga ng'ombe wa watu, mtoto aliyepelekwa kwenye machimbo ya tanzanite ya Mirerani kuwa "nyoka" kwa sababu mwili wake unapita kwenye tundu ambalo mtu mzima hapiti.

Jirani amefanya la jirani, amempeleka polisi. Dawati la Jinsia na Watoto wamemsikiliza vizuri, PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, imetoka, afisa ustawi wa jamii amepigiwa simu. Sasa ni saa tatu usiku. Analala wapi, na chakula chake anakilipia nani? Ukiwauliza wanaofanya kazi hizi, wengi watakujibu kwa kucheka kidogo: anayelipia ni yule aliyekuwa zamu, kwa hela yake ya mfukoni.

Kwenye karatasi hatuko vibaya. Tanzania iliridhia Itifaki ya Palermo, ile ya Umoja wa Mataifa dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, mwaka 2006, na mwaka 2008 Bunge likatunga Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu. Sheria hiyo haikuishia kwenye adhabu. Iliunda kamati na sekretarieti, ikaweka na mfuko wa kuwahudumia waathirika. Baadaye sheria ilinolewa zaidi, na lile dirisha la mkosaji kulipa faini akaenda zake badala ya kufungwa likafungwa. Kwa kosa la ubakaji, sheria yetu ya adhabu inaitaka mahakama iamuru aliyetiwa hatiani alipe fidia, juu ya kifungo kisichopungua miaka 30. Kwa hiyo anayesema hakuna sheria hajasoma.

Kilichopungua ni kitu kidogo mno, kiasi kwamba hakiandikiwi hotuba. Mtuhumiwa akinyimwa dhamana, serikali inamlisha, inamlaza, na siku ya kesi inamfikisha mahakamani kwa karandinga bila yeye kutoa shilingi. Aliyeumizwa anatakiwa ajifikishe mwenyewe. Binti wetu amesharudishwa kwao Singida, kesi iko Moshi. Imeahirishwa mara ya kwanza, upelelezi haujakamilika. Mara ya pili hakimu yuko kwenye mafunzo. Mara ya tatu wakili wa upande wa pili anaumwa. Kila tarehe ni nauli ya watu wawili, kwa kuwa mtoto hasafiri peke yake, na ni siku mbili za mama kutokwenda shamba. Posho ya shahidi ipo kwenye utaratibu, lakini huwezi kupanda basi la alfajiri kwa posho ya baadaye. Tarehe ya nne hatokei. Kesi inakufa, na mtaani tunasema familia imehongwa. Huenda imehongwa kweli, ila huenda pia ilikosa nauli tu.

Kwa hiyo mimi niko upande wa wanaodai fedha kwa ajili ya waathirika wa uhalifu, na sababu yangu ya kwanza hata si huruma. Ni kwamba bila fedha hizo tunaendesha polisi, waendesha mashtaka na mahakama kwa gharama kubwa, halafu tunaishiwa kwenye bei ya tiketi ya basi.

Lakini upande wa pili nao una hoja, na baadhi zina uzito.

Hoja ya kwanza husemwa kwa sauti ya chini: nchi maskini ina vipaumbele. Mama anajifungua kituo cha afya kisicho na dawa, wewe unataka mfuko wa waliotapeliwa? Hii hainisumbui sana. Gharama ninazozizungumzia ni ndogo, na anayepigwa hadi akapoteza jicho ni mgonjwa wa hospitali ile ile.

Ya pili ni nzito. Wakili wa utetezi yeyote aliyekomaa akisikia shahidi analishwa na kulazwa na mtu, ana swali moja tu la kumuuliza: "Uliahidiwa nini?" Ukiweka fedha taslimu mbele ya kesi, kwanza unawaita waongo, pili unamchafua hata mkweli. Jibu langu ni kwamba kabla ya hukumu asipewe noti mkononi. Apewe huduma: kitanda, matibabu, mshauri nasaha, tiketi iliyokatwa kwa jina lake. Fidia ya fedha isubiri mahakama iseme.

Ya tatu sina jibu lake kamili, na sipendi uchambuzi unaojifanya unalo. Mara nyingi aliyemkabidhi mtoto kwa dalali ni mzazi mwenyewe. Hakumuuza kwa maana ya sinema. Aliambiwa mtoto atakuwa anatuma elfu thelathini kwa mwezi nyumbani, akakubali kwa sababu mvua zilikataa. Ukimrudisha mtoto na msaada wa fedha, unamkabidhi nani? Ukimpa mzazi, umemlipa aliyetoa mtoto. Ukimnyima, mtoto amerudi kwenye njaa ile ile iliyompandisha basi, na msimu ujao mdogo wake ndiye atakayeshuka Moshi. Maafisa ustawi wa vijijini wanalijua fundo hili kuliko sisi waandishi. Ndiyo maana naona ni kosa kwamba katika miradi mingi hela huishia mjini alikookolewa mtoto, wakati kazi ngumu iko kule anakorudishwa.

Halafu kuna nyumba salama. Moshi tuna bahati ya kuwa na KWIECO, shirika la siku nyingi linalowapa wanawake msaada wa kisheria na lenye nyumba ya kuwahifadhi. Lakini hata nyumba nzuri ina geti. Msichana anaweza kukaa humo miezi akisubiri kesi, hatoki, simu hana, anaona waliomshika wako nje kwa dhamana. Akitoroka tunashangaa. Na nyumba hizi, karibu zote, ni za wanawake na watoto. Kijana wa miaka 24 aliyelaghaiwa kazi nje ya nchi, akarudishwa amekonda na madeni ya wakala, hana hata mlango wa kugonga. Mwanaume akisema alisafirishwa na kutumikishwa, tunamwambia alikuwa mzembe.

Niseme kidogo kuhusu maneno, maana hapa yanagusa hela. Magazeti yetu hupenda "wahanga". Mhanga asili yake ni aliyetolewa kafara, na kafara hairudi. Wafanyao kazi hizi wanasema "manusura". Bajeti ya mhanga ni rambirambi. Manusura anahitaji ada ya shule, cherehani na mtu wa kuongea naye, kwa miaka.

Wakazi wa Arusha wana sababu ya pekee ya kulifikiria jambo hili, kwa kuwa mfano mkubwa wa haki isiyomfikia aliyeumia ulifanyika kwenye majengo ya AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa kilicho katikati ya mji wao. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda iliundwa mwaka 1994 na kufunga kazi mwaka 2015. Ilishtaki watu 93. Ilikuwa na kitengo cha mashahidi: waliletwa Arusha, wakalazwa, wakalindwa, wakarudishwa. Lakini fidia haikuwa na uwezo wa kuwapa. Kanuni zake ziliwaelekeza waathirika wakaidai kwenye mahakama za nchi. Yaani shahidi alihudumiwa kwa sababu ushahidi wake ulihitajika. Uliposikilizwa, hesabu yake ikafungwa. Waliotunga Mkataba wa Roma mwaka 1998, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), waliliona pengo hilo, wakaweka mfuko wa waathirika.

Hapa najikuta napingana na nafsi yangu. Nimeanza kwa kutetea nauli kwa sababu inaokoa kesi. Nikiishia hapo nitakuwa nimerudia kosa lile lile: kumtunza mtu kama kielelezo cha ushahidi. Binti akisema hataki kwenda mahakamani, anaogopa, bado mkono una kidonda na tumbo lina njaa. Nauli ya mahakamani ni ya shahidi, sawa. Kitanda, dawa na shule viwe vyake hata akikaa kimya.

Sasa fedha zitoke wapi? Wengi hupenda wazo la wahalifu walipe. Marekani imefanya hivyo tangu mwaka 1984: mfuko wao wa waathirika wa uhalifu unajazwa na faini za kesi za serikali kuu, si kodi. Linapendeza masikioni. Tatizo ni kwamba mwaka 2017 ziliingia zaidi ya dola bilioni 6, mwaka uliofuata hazikufika bilioni 1, kwa sababu faini kubwa za makampuni hazina ratiba. Mwaka 2021 walilazimika kurekebisha sheria ili mfuko usikauke. Kwetu wasafirishaji wengi ni shangazi, dalali wa stendi, mwenye bodaboda. Ukiwafilisi hao hupati hata kodi ya pango ya nyumba salama moja.

Wafadhili nao tumewaona. Januari 2025 Washington ilisimamisha misaada ya nje, na kufikia Julai USAID ilikuwa imefungwa. Huduma inayotegemea saini ya mtu aliye ng'ambo inaweza kukatika katikati ya matibabu ya mtu.

Mimi naangalia karibu zaidi. Halmashauri zetu tayari zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Nikitaka nusu asilimia kwa manusura, najua mtakachonijibu: vikundi hewa, mikopo isiyorejeshwa, hoja za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, hadi serikali ikaisimamisha mikopo hiyo mwaka 2023 na kuirudisha kwa utaratibu mpya. Ni kweli. Ila ule ulikuwa mkopo uliokabidhiwa kikundi. Hapa analipwa mwenye basi, hospitali, shule, kwa risiti. Kuiba kunawezekana, lakini ni jasho jingi kwa senti chache.

Na fedha hizi zisifungwe kwenye jina la kosa. Mfuko wa 2008 ni wa usafirishaji haramu. Hati ya mashtaka ya binti wetu ikiandikwa shambulio la kudhuru mwili, kwa sababu alama ya pasi ni rahisi kuithibitisha kuliko safari ya kutoka Singida, mwenye kuusimamia anaweza kumwambia si wa kwake. Kidonda ni kile kile.

Piga hesabu. Katika kila bilioni 1 ya mapato ya ndani, nusu asilimia ni milioni 5. Tukisema mtoto na mlezi wake, nauli ya kwenda na kurudi pamoja na malazi ya siku mbili, ni laki mbili, hizo ni safari 25 za mahakamani. Diwani yeyote wa Moshi au Arusha anaweza kuifanya hesabu hii nyuma ya kitabu cha bajeti kabla chai haijapoa, kisha aulize kikaoni: mwaka huu, ni kesi ngapi za watoto zilizofutwa hapa kwetu kwa shahidi kutofika, na kati ya hao, nani aliwapigia simu kuuliza kwa nini?