Hiyo Tano Nukta Sita ni ya Nini?

Nina miaka tisa Columbus, Ohio, kwenye karakana ya makabati ya jikoni. Kila nikipiga simu Dodoma hakosi mtu wa kuniuliza, "Hao Wamarekani bado wanapima kwa futi?" Ndiyo, bado. Na mimi nilikuja huku na dharau hiyo hiyo. Leo naona tatizo letu, la kuchanganya vipimo bila kutaja ni kipi, ni kubwa kuliko lao, na linatula hela.

Hesabu ya futi na inchi ni ngumu, hilo silipingi. Wiki yangu ya kwanza kazini msimamizi alinipa vipande viwili, inchi 3 na 5/8, kingine inchi 7 na 11/16, akataka jumla. Nikasimama na penseli. Ile 5/8 lazima kwanza uigeuze iwe 10/16, ujumlishe na 11/16, upate 21/16, utoe 16 ziwe inchi nzima, zibaki 5/16. Jibu ni inchi 11 na 5/16. Kwa milimita ni 92 na 195, jumla 287, umeshamaliza. Kiswahili kina hata jina la 1/8, thumuni, ila wengi wetu tumelibakiza kwenye senti hamsini.

Lakini tazama karatasi zao. Katika karakana yetu hakuna namba inayoandikwa peke yake. Kistari kimoja juu kulia mwa namba ni futi, viwili ni inchi, na kati ya futi na inchi kuna kistari cha kutenganisha. Ukimpelekea mkataji namba tupu, anakurudishia karatasi bila kugusa mbao. Mwanzoni nilidhani wananidharau mgeni. Baadaye nikaona mzee mwenye miaka thelathini kazini naye anarudishiwa.

Sasa njoo site yoyote ya Dodoma, iwe Iyumbu, Nala au Ntyuka. Kiwanja kimepimwa kwa mita. Tofali ni za inchi sita. Nondo ni milimita 12. Mbao za kenchi ni mbili kwa nne, bomba ni nusu inchi, bati linaulizwa kwa futi na kitanda cha kuingia humo ni tano kwa sita. Tunasema nchi yetu ni ya mita, lakini fundi anaruka kutoka kipimo kimoja kwenda kingine mara ishirini kwa siku, kichwani, na mara nyingi bila kutaja ni kipi. Futikamba zetu zina pande zote mbili, sentimita huku na inchi kule. Ni nzuri, lakini ukishaandika namba ukutani kwa chaki, nani atajua ulisoma upande gani?

Mwaka jana namjengea mama nyumba Iyumbu. Mdogo wangu akapima uwazi wa madirisha manne ya mbele, kila moja upana wa mita 1.7, akanitumia. Fundi wa grili anafanya kazi kwa futi, kwa hiyo nikataka kumrahisishia. Nikachukua simu, nikagawanya 1.7 kwa 0.3048, ikaja 5.577. Nikamwandikia, "Upana 5.6."

Fundi akasoma futi tano na inchi sita. Na kwa mazoea ya mafundi wetu alisoma sawasawa, kwa sababu kwao hiyo nukta ndiyo inayotenganisha futi na inchi. Kwa kikokotoo, nukta sita ni sehemu sita kati ya kumi za futi, na futi ina inchi 12, kwa hiyo ni inchi 7.2. Grili zikatoka na upana wa milimita 1,676 kwenye uwazi wa 1,700. Pengo la milimita 24. Mdogo wangu alinipigia video, akapitisha kidole kati ya chuma na ukuta, akakitoa, akakipitisha tena bila kusema neno. Fundi alikuwa nyuma yake. "Bosi, si uliandika tano nukta sita?" Nilikuwa nimeandika.

Na hiyo ni nafuu. Futi tano na inchi kumi wengi wanaiandika 5.10. Iingize kwenye simu, sifuri ya mwisho inapotea, inabaki 5.1. Anayefuata anasoma futi tano na inchi moja. Hapo hakuna kiraka, inchi tisa zimekwenda.

Kwenye ardhi ni hivyo hivyo. Shamba la zabibu la baba kule Mpunguzi liliuzwa kidogo kidogo kwa hatua, ekari moja ikiwa sabini kwa sabini. Ekari ni yadi za mraba 4,840, na 70 mara 70 ni 4,900. Yaani hiyo sabini inakaa vizuri kwenye hatua ndefu ya mtu mzima, karibu yadi moja. Kijana wa siku hizi anakuja na futikamba ya mita, anapima mita 70 kwa 70. Hizo ni mita za mraba 4,900, wakati ekari ni kama 4,047. Muuzaji ametoa ekari moja na zaidi ya moja ya tano, kwa bei ya moja. Mwenye hatua fupi za sentimita 80 akitembea sabini zake, mnunuzi anaondoka na robo tatu tu ya ekari. Namba ni ile ile, sabini, na hakuna aliyesema uongo. Nimeona ndugu wanaacha kusalimiana kwa jambo hili.

Nilipokuja likizo nilipanda treni mpya kutoka Dar, ile iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024. Reli ya zamani ya Wajerumani ina upana wa mita moja kamili. Hii mpya ni milimita 1,435, ambayo ni futi 4 na inchi 8 na nusu za Waingereza, imeandikwa tu kwa milimita. Wahandisi hawakupata shida, kwa sababu tangu mwaka 1959 inchi imewekwa kuwa milimita 25.4 kamili, na kila mchoro unasema unaongea lugha ipi.

Sitaki kumnyang'anya fundi yeyote futi zake. Anazijua kwa mkono, na mbao na bati zinauzwa hivyo. Ninachoomba ni kwamba akiandika, aandike "futi 5 inchi 6", maneno yote manne, na nukta aiachie kikokotoo. Kwenye chuma, aluminiamu na vioo, ambako milimita tano ni hasara, tupime na kuandika kwa milimita tangu mwanzo mpaka mwisho, bila kugeuza katikati. Ukigeuza mara nyingi unakadiria, na kila ukikadiria kuna kitu kinapungua au kinazidi. Na sisi tulio nje ndio wabaya zaidi, maana tunatuma namba usiku, kule ni asubuhi, na tukiamka chuma kimeshakatwa.

Grili za mama zilirudishwa kwa fundi yule yule, akaongeza kipande upande wa kulia, akapaka rangi. Madirisha ya nyuma yalipofika sikugeuza kitu. Mdogo wangu alisoma upande wa milimita, akaandika ukutani kwa chaki "MM 1,200", akapiga picha, akamtumia fundi na mimi kwa pamoja. Fundi akajibu, "Milimita, sawa. Nakata 1,190 ipate nafasi ya kuingia."