Muda wa ziada chuoni: nani anabebwa, nani anaachwa

Nikiwa mhadhiri msaidizi nilisahihisha karatasi moja ya UE, mtihani wa mwisho wa muhula, ambayo hadi leo sijaisahau. Maswali yalikuwa matatu, kila moja alama 20, muda saa tatu. Kijana alijibu swali la kwanza kwa kurasa tisa, mwandiko ukizidi kubanana kadiri anavyoendelea, mishale ikitoka pembezoni kurudi katikati ya ukurasa kuongeza alichokikumbuka. Nilimpa 18. Swali la pili lilikuwa na mstari mmoja na nusu. La tatu aliandika namba tu. Jumla 19, na kozi weki, yaani alama za kazi za muhula, haikumwokoa. Akala sapu, mtihani wa kurudia.

Wenzangu ofisini walisema huyo kakariri desa, notisi za kunakili, la mada moja, likatoka, basi. Mimi nilimjua kutoka semina. Ndiye aliyekuwa akiniuliza maswali ya kunirudisha maktaba. Alipokuja kuniona, alieleza huku akiangalia viatu vyake kwamba akizama kwenye kitu hasikii muda ukienda, na kwamba imekuwa hivyo tangu utoto. Hajawahi kupimwa. Nyumbani wanasema tu ana mawazo mengi.

Vyuo vyetu vina vijana wengi wa namna hii: wenye usonji (autism), wenye disleksia (ugumu wa kusoma na kuandika), wenye ADHD (ugumu wa kutulia na kushika umakini), na wengine ambao hawana jina lolote la hali yao. Si wagonjwa wala si wazito. Ubongo wao unapanga na kuchuja mambo kwa njia tofauti na tuliyoizoea. Hoja ya kuwasaidia ikifika kwenye kikao cha idara, meza hugawanyika mara moja. Upande mmoja unasema wapewe muda wa ziada na utaratibu wao. Upande wa pili unasema chuo kikuu si shule ya msingi, asibebwe mtu.

Nianze na upande wa pili, kwa sababu mara nyingi hupuuzwa kana kwamba hauna hoja isipokuwa roho mbaya. Hoja zipo. Marekani, mwaka 2019, lilifichuka sakata la wazazi matajiri walionunulia watoto wao nafasi katika vyuo vikubwa. Moja ya mbinu ilikuwa kutafuta vyeti vya kudai mtoto ana tatizo la kujifunza, ili apewe muda zaidi na chumba chake peke yake cha mtihani, na humo udanganyifu ukawa rahisi. Tena, tafiti za hukohuko zimeonyesha kwamba katika mtihani wa kukimbizana na saa, hata mwanafunzi asiye na shida yoyote mara nyingi hupata alama zaidi akiongezewa muda. Kwa hiyo anayeuliza "kwa nini yeye apewe na mimi ninyimwe?" hajauliza upuuzi. Na mhadhiri mwenye darasa la watu mia tano, bila msaidizi, hawezi kuandaa utaratibu wa kila mmoja.

Hata hivyo, wanaosema "asibebwe mtu" husahau jambo moja: hawa vijana walikuwa wamebebwa tayari, na hakuna aliyeliona.

Tazama shule ya bweni ya kidato cha sita. Kengele alfajiri. Usafi, mstarini, darasani, chakula saa ileile, prepu ya usiku chini ya mwalimu wa zamu, taa zinazimwa. Kiranja anakuamsha. Rafiki wa kitanda cha juu anakukumbusha kesho kuna jaribio. Kijana ambaye hawezi kujipangia siku, siku yake imepangwa na watu wazima tangu anapofumbua macho. Anafaulu kwa daraja la kwanza, na wote tunasema ni akili zake. Ni kweli ni akili zake, na pia ni kengele.

Kisha anafika chuoni na kengele haipo. Bumu, fedha za mkopo za kujikimu, linaingia kwa mkupuo na yeye ndiye wa kuligawa hadi lijalo. Chumba cha wanne kinalala sita kwa sababu ya kubebana, wasio na vyumba wakilala kwa wenzao, redio mbili zinaimba kwa pamoja, na kwa mtu mwenye usonji ambaye kila sauti humwingia kwa uzito uleule, usiku haujawa wa kupumzika. Asainmenti ni ya kikundi cha watu kumi wasiojuana, na anayeshindwa kujipenyeza kwenye maongezi anaishia kuandikwa jina tu, au kufutwa. Ukumbi wa mtihani unabadilishwa asubuhi, CR, mwakilishi wa darasa, anatuma ujumbe kwenye grupu la WhatsApp lenye salamu, matangazo ya biashara na rambirambi, na asiyeuona kati ya jumbe mia mbili anakwenda kukaa peke yake kwenye ukumbi mtupu. Nimewahi kumkuta mmoja hivyo, kalamu mkononi, akisubiri wenzake.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichomo kwenye mtaala. Hatumfundishi mtu uhandisi ili tumpime uwezo wa kuchuja grupu la WhatsApp.

Suala gumu zaidi ni ushahidi. Baraza la Mitihani la Tanzania huongeza muda kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu, dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa masomo mengine. Lakini makundi tunayozoea kuyasikia yakitajwa ni wasioona, wenye uoni hafifu, viziwi, wenye ulemavu wa viungo na wa akili. Mwenye disleksia hupita katikati ya nyavu hizo. Anafika chuoni bila karatasi yoyote, na chuo kinamwambia alete karatasi. Kutoka wapi? Wataalamu wanaoweza kumpima mtu mzima wako wachache, katika hospitali kubwa za miji mikubwa. Aliyesoma shule ya gharama huenda alipimwa akiwa na miaka minane. Mtoto wa mkulima kutoka wilaya ya pembezoni hata neno lenyewe hajalisikia. Utaratibu wa "leta cheti kwanza" ulibuniwa kuzuia watu kubebwa, na matokeo yake unambeba aliyekuwa na nauli.

Kuna aibu pia. Mtaani kwetu jina la Mirembe, hospitali ya afya ya akili iliyoko Dodoma, hutumika kama tusi. Kumwambia kijana wa miaka ishirini aende kitengo cha magonjwa ya akili akapate barua, kisha aipitishe mikononi mwa makarani watatu hadi imfikie mhadhiri, ni kumwomba avae tusi hilo shingoni. Wengi wanaona heri sapu, na wengine heri kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, kimyakimya.

Sheria haijanyamaza. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Ibara ya 24 inataja wazi elimu ya juu na marekebisho ya kumwezesha mtu kusoma. Mwaka uliofuata tukatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Kilichokosekana ni utekelezaji kwa ulemavu usioonekana kwa macho.

Madaktari na wahandisi watauliza: kazini kuna muda wa ziada? Mgonjwa anayevuja damu atasubiri? Swali hili linanisumbua kuliko mengine yote. Mwanga nimeupata kwenye kesi ya Uingereza. Natasha Abrahart, mwanafunzi wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Bristol, alikuwa na hofu kali ya kuzungumza mbele ya watu. Hiyo si usonji wala ADHD, lakini kiini ni kilekile. Chuo kiliendelea kumtaka ahojiwe kwa mdomo juu ya kazi zake za maabara. Alijitoa uhai Aprili 2018, siku aliyopangiwa kuwasilisha mbele ya wenzake. Mahakama iliamua mwaka 2022 kwamba chuo kilimbagua, na Mahakama Kuu ikashikilia uamuzi huo mwaka 2024. Chuo kilijitetea kwamba kuhojiwa ni sehemu ya kiwango. Mahakama ikatenganisha vitu viwili: ujuzi unaopimwa, na njia ya kuupima. Njia inaweza kubadilishwa na ujuzi ukabaki palepale.

Hapo ndipo mimi ninaposimama. Daktari wa dharura apimwe kasi, kwa sababu kasi ni ujuzi wake. Mwanahistoria akipimwa kasi ya kuandika kwa mkono, tunapima kitu kingine. Kila idara ikae ijiulize, kozi kwa kozi, na isiogope jibu. Muda wa ziada ubaki kwa aliyepimwa, ila chuo chenyewe kigharimie upimaji, na barua iishie ofisi ya mshauri wa wanafunzi bila kutaja ugonjwa. Mengine yote hayahitaji cheti cha mtu: maelekezo ya maandishi, tarehe zisizohamishwa usiku, tangazo la ukumbi mahali pamoja panapojulikana, vikundi vilivyopangwa na mhadhiri. Darasa la watu mia tano halizuii hata moja.

Yule kijana alifaulu sapu. Mwaka uliofuata nilikuwa naye kwenye kozi nyingine, na kwa ruhusa ya mkuu wa idara nikaandika kando ya kila swali la UE: "Usizidishe dakika 55." Nilipokuwa nasimamia, kila saa moja nilisimama na kuutangaza muda kwa sauti, kwa wote. Alijibu maswali yote matatu. La tatu alilikosea vibaya, maana mada ile hakuwa ameielewa. Nikampa alama 4.